Sauti ya Maji Nyuma ya Dashibodi: Sikiliza Inalia Lini

Unawasha gari asubuhi na kabla hujaingiza gia unasikia maji yakibubujika ndani kabisa ya dashibodi. Au unakata kona, kitu kinasukwasukwa upande wa abiria, kisha kimya. Wenye magari wengi hushtuka, kwa sababu eneo lile ni la redio, nyaya, swichi na mifuko ya hewa, na hakuna anayetegemea kukuta maji hapo. Wengine huzoea, wanaongeza sauti ya redio na maisha yanaendelea. Hao waliozoea ndio wananitia wasiwasi, maana moja ya sababu za sauti hii inaweza kumaliza injini nzima, na huanza kimyakimya bila taa yoyote kuwaka.

Maji yenyewe yana haki ya kuwepo pale. Nyuma ya dashibodi ya gari la kawaida kuna maji ya aina mbili, na hayatakiwi kukutana hata siku moja. Ya kwanza ni maji ya injini, yaani kulanti: ya moto, yenye presha, yanayozunguka katika mfumo uliofungwa na kupita ndani ya hita. Ya pili ni maji safi na baridi yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi na kutolewa nje chini ya gari. Tena kuna mvua, ambayo haina kazi yoyote pale, ila ikipata upenyo itaingia.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi yake haanzi kwa kuuliza sauti inatoka wapi. Nyuma ya dashibodi kuna plastiki tupu na mifereji ya hewa, sauti inasafiri inavyotaka, na sikio hudanganyika kirahisi. Anauliza inalia lini. Swali hilo peke yake linaweza kukuokoa usifunguliwe dashibodi nzima bila sababu, na kuifungua dashibodi ni kazi ndefu ambayo mara nyingi huacha gari na kelele mpya za plastiki.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Egesha gari mahali tambarare, zima redio na feni ya ndani, acha injini ikiunguruma. Mtu akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, aachie, arudie. Gari halisogei, kwa hiyo maji yaliyotuama hayana cha kuyatikisa. Ukisikia mbubujiko unaopanda na kushuka na injini, anayeyasukuma maji hayo ni pampu, na tatizo liko kwenye kulanti. Ikiwa kimya, zima injini kabisa, kisha itikise bodi kwa mikono, au iwashe tena, uendeshe polepole sana na ufunge breki. Ikilia sasa, kuna maji yamekusanyika mahali ambapo yalipaswa kupita tu.

Kuna sauti moja ya kuiondoa mapema kwenye hesabu. Ukizima kiyoyozi au injini na ukasikia mchirizo wa sekunde kadhaa unaofifia, mara nyingi hiyo ni gesi ya kiyoyozi inasawazisha presha kati ya upande wa juu na wa chini. Si maji. Ikiwa mchirizo huo unasikika muda wote kiyoyozi kinapofanya kazi, na hewa haipoi kama zamani, gesi inaweza kuwa imepungua. Hilo ni suala la fundi wa viyoyozi na halihusiani na makala hii.

Hewa ndani ya hita

Hita ya gari ni rejeta ndogo. Inapokea kulanti ya moto kutoka kwenye injini kwa hozi moja, inairudisha upande wa pampu kwa hozi nyingine, na hozi zote mbili hupenya ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Katika magari mengi ya kisasa kulanti hupita humo muda wote, hata kama hujawahi kuwasha hewa ya moto tangu ununue gari. Kidude cha kuchagua joto hufungua na kufunga kilango cha hewa tu. Ndiyo maana mtu anayeishi kwenye joto mwaka mzima anaweza kusikia hita yake ikibubujika na akashangaa, kwa kuwa hata hakumbuki kuwa anayo.

Mfumo ukiwa umejaa sawasawa, kulanti hupita bila sauti. Kelele inatokea pale ambapo maji na hewa vinapita pamoja kwenye mirija myembamba. Na hewa hupanda juu daima. Katika magari mengi hita imekaa juu kuliko sehemu kubwa ya mfumo, hivyo hewa ikiingia popote huishia kukaa hapo. Usiku gari likipoa, hewa inajikusanya. Asubuhi pampu inapoanza kuzunguka inaisukuma, nawe unasikia mbubujiko wa sekunde chache au dakika moja. Kisha unanyamaza, na unadhani umepona.

Njia ya kuthibitisha: acha injini ipate joto lake la kawaida, weka hita kwenye moto wa mwisho, kisha weka kiganja mbele ya tundu la hewa. Kama hewa ni ya moto unapokanyaga mafuta na inapoa injini ikitulia, hita haijai vizuri. Ama ina hewa ndani, ama kulanti imepungua. Mara chache pampu imechoka, au hita yenyewe imeziba kwa kutu na uchafu, ila katika hali hizo mbili joto huwa hafifu muda mrefu zaidi na mbubujiko si lazima uwepo.

Swali la maana linalofuata ni hewa hiyo iliingiaje, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaongeza maji, sauti inakoma, wanaridhika. Baada ya muda inarudi, wanaongeza tena. Mfumo uliofungwa hauli maji. Kama unapungua, kuna mahali yanakwenda, na kila unapojaza bila kutafuta mahali hapo unaipa injini siku chache tu.

Sababu nyepesi kuliko zote ni kazi iliyofanyika karibuni. Kama sauti ilianza baada ya kubadilishwa rejeta, pampu, hozi au kulanti, basi hewa haikutolewa vizuri wakati wa kujaza. Gari halina ugonjwa. Linahitaji kutolewa hewa kwa utaratibu, nitaueleza chini.

Sababu ya pili ni kifuniko cha rejeta, na ningependa tukitazame kwa karibu kwa sababu watu hukiona ni kizibo tu. Kigeuze utazame chini yake, injini ikiwa imepoa kabisa. Utaona mpira wa duara umekaa juu ya springi, na katikati yake kidude kidogo cha chuma kinachoweza kuvutwa kwa ukucha. Springi ile kubwa huzuia presha. Namba iliyopigwa juu ya kifuniko, mara nyingi 0.9 au 1.1, inaonyesha presha inayozuiwa. Vingine huandikwa kilopaskali 88 au 108. Presha hiyo ina kazi kubwa: maji matupu ambayo yangechemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari hufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Springi ikilegea, kulanti itachemka mapema na kutengeneza mvuke, na mvuke nao hububujika.

Kidude kidogo cha katikati hufanya kazi kinyume. Injini inapopata joto kulanti hutanuka, inasukuma springi na kumwagikia kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa kulanti hujikunja, mfumo unabaki na upungufu wa presha, kidude kinafunguka na kuvuta ile ya kwenye chupa irudi. Sasa fikiria kimekwama, au mpira wa juu umepasuka, au kile kihozi chembamba kinachokwenda kwenye chupa kina ufa. Kulanti inatoka kila siku ikiwa ya moto lakini hairudi. Badala yake inavutwa hewa. Chupa inaonekana imejaa na rejeta imepungua. Chini ya gari hakuna tone. Mwenye gari anatazama chupa kila asubuhi, anaona kiwango kiko sawa, na sauti ndani ya dashibodi inazidi. Katika gari la aina hii kuitazama chupa hakutoshi, lazima ufungue kifuniko cha rejeta yenyewe, injini ikiwa baridi, na kulanti iwe imefika shingoni. Hozi ya juu ya rejeta iliyobonyea ndani yenyewe asubuhi ni dalili nyingine ya kidude hicho kukwama. Kifuniko kipya ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa kwenye gari, mradi ununue chenye namba ileile.

Magari mengine hayana kifuniko kwenye rejeta. Yana tangi la plastiki lenye kifuniko kizito cha skrubu, na tangi hilo nalo hukaa na presha. Huko kiwango unachokiona kwenye tangi ni cha kweli, na kikishuka kimeshuka.

Sababu ya tatu ni kuvuja. Kagua pampu ya maji chini ya kitundu chake kidogo cha tahadhari, viungo vya hozi, plastiki ya juu ya rejeta inapoungana na alumini, na kapeti upande wa hita. Kulanti ikikauka huacha ukoko wa rangi, wa kijani, waridi au chungwa kulingana na aina uliyotumia. Pale ambapo hakuna kinachoonekana, fundi hufunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, anaujaza mfumo presha iliyoandikwa kwenye kifuniko bila kuwasha injini, na kungoja. Sindano ikishuka kuna tobo, na sasa anaweza kulitafuta bila kuungua.

Halafu kuna sababu ya nne, ile niliyosema inaweza kumaliza injini. Gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua kidogo, na gesi ya mwako inapenya kwenye njia za kulanti. Presha ndani ya silinda wakati wa mwako ni kubwa mara nyingi mno kuliko ile ya kifuniko, hivyo hata mwanya wa unywele unatosha kuingiza hewa kila injini inapozunguka. Katika hatua za mwanzo geji ya temprecha haina habari. Geji za magari mengi hutengenezwa zitulie katikati hata joto linapobadilika kwa kiasi kikubwa, na sensa ikiachwa na maji ikabaki ndani ya mvuke au hewa, inaweza kusoma chini ya ukweli. Kwa hiyo sauti ya maji nyuma ya dashibodi huweza kukupa taarifa kabla ya geji.

Dalili za kuungana nayo ni hizi: hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi, wakati kulanti bado haijapata joto la kutanuka. Chupa ya akiba inafurika na rejeta inapungua. Injini inatetemeka asubuhi kwa muda mfupi kama silinda moja haifanyi kazi, kisha inatulia. Moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto. Si lazima zote zitokee. Mafuta ya injini kugeuka rangi ya maziwa ni dalili inayotajwa sana, lakini gasketi inaweza kuungua mahali pasipogusa mafuta kabisa, kwa hiyo mafuta safi hayakuhakikishii chochote.

Uthibitisho ni wa kemikali. Kuna kichupa chenye dawa ya buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kuvuta hewa ya humo; ikiwa ndani kuna gesi ya mwako, katika injini ya petroli dawa hugeuka njano. Kwa dizeli ziko dawa zake, na rangi hufuata maelezo ya mtengenezaji. Mwambie fundi afanye jaribio hili kabla ya kufungua hedi, na kabla ya kukuambia kwamba haina shida. Vyote viwili bila jaribio ni kubahatisha.

Kutoa hewa

Ikiwa umeridhika kwamba hakuna kinachovuja, hewa hutolewa hivi. Anza na injini baridi, na hili halina mjadala: kulanti yenye presha ikifunguliwa moto huruka na kuchoma uso. Ukiweza kuishika hozi ya juu kwa mkono mzima bila kuiachia, na ukiibonyeza ikawa laini, ndipo ufungue. Pandisha pua ya gari, mteremko unatosha, ili mdomo wa rejeta uwe juu ya vingine. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, kwa kawaida karibu na themostati (kilango kinachofunguka kulanti ikipata moto) au kwenye hozi ya hita, ilegeze na ujaze polepole hadi itoke kulanti isiyo na mapovu, kisha uikaze.

Washa injini kifuniko kikiwa wazi na uendelee kujaza kadiri inavyoshuka. Minya hozi kubwa kwa mkono mara kwa mara, utaona mapovu yanapanda. Themostati hufunguka mahali fulani kati ya nyuzi 80 na 90 hivi; utajua imefunguka kwa sababu hozi iliyokuwa baridi inapata moto kwa ghafla na kulanti mdomoni inashuka. Jaza tena, funga, acha feni ya rejeta iwake na kuzima, kisha acha gari lipoe mpaka liwe baridi kabisa na uongeze kilichopungua. Mapovu yanayopungua na kuisha ni hewa ya kawaida. Yanayoendelea kutoka kwa mfuatano hata baada ya hayo yote yanakurudisha kwenye gasketi.

Baadhi ya magari, hasa ya mseto (mafuta na umeme) yenye pampu za umeme, hayatoi hewa kwa njia hii; pampu inabidi iendeshwe kwa kompyuta ya fundi. Fuata maelekezo ya gari lako, na pia aina ya kulanti yanayoitaja. Maji ya bomba peke yake huleta kutu na chumvi, na chumvi hiyo huziba hita kwanza, kwa kuwa mirija yake ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa. Zile dawa za kuziba tobo zinazomiminwa ndani ya rejeta nazo huishia humohumo. Kung'oa themostati hakuondoi hewa. Kuunganisha hozi mbili za hita ili kuiruka kunanyamazisha sauti tu, na mbaya zaidi kunakunyima ile sauti iliyokuwa ikikuonya.

Maji yaliyotuama

Kama sauti inafuata mwendo wa gari, yaani kona, breki na matuta, habari ni nyepesi zaidi. Ndani ya sanduku la kiyoyozi kuna kipoozeo kinachokaa baridi kidogo juu ya nyuzi sifuri. Hewa yenye unyevu ikikigusa hutoa maji, yanadondoka kwenye sinia la plastiki na kutoka kwa kimpira kifupi kinachoelekea chini ya gari. Kile kidimbwi unachokiona chini ya gari lililoegeshwa siku ya joto ndicho hicho, na ni dalili ya afya. Kidimbwi kikikosekana siku yenye unyevu mwingi na kiyoyozi kimefanya kazi nusu saa, huenda kimpira kimeziba. Vumbi, majani yaliyooza na nyuzinyuzi hujikusanya mdomoni mwake, au fundi aliyefanya kazi karibu na hapo alikikunja bila kujua.

Sinia linajaa, na kila ukifunga breki maji yanapiga ukuta wa mbele. Yakizidi, humwagika miguuni mwa abiria au kuifikia feni ya ndani, na hapo feni huanza kupiga kelele au kufa. Harufu ya uvundo na vioo kufunga ukungu huja mapema zaidi. Tiba mara nyingi ni kuingia chini ya gari, kukitafuta kimpira kwenye ukuta wa injini, na kukizibua kwa waya laini butu au upepo hafifu. Kaa pembeni, maji hutoka kwa kishindo. Usitumie waya mkali wala kompresa ya nguvu zote: kipoozeo ni chembamba, ukikitoboa utatoa gesi yote, na hapo dashibodi itafunguliwa kweli.

Mvua hupita njia nyingine. Chini ya kioo cha mbele, penye mikono ya waipa, kuna mfereji unaopokea maji yote ya kioo na kuyatoa pembeni kupitia matundu. Gari linaloegeshwa chini ya miti hujaza majani humo. Maji yanapanda, na kwa kuwa tundu la kuingizia hewa ya ndani liko hapohapo, huingia kwenye feni. Mimina maji polepole chini ya kioo upande mmoja, kisha mwingine, na uangalie kama yanatoka nyuma ya tairi za mbele. Gari lenye dirisha la paa lina mirija inayoshuka ndani ya nguzo za kioo; ikiziba au kuchomoka, sauti husikika pembeni mwa dashibodi. Na milango ina matundu chini yake. Mlango uliojaa maji husikika karibu na goti, na wengi hudhani ni dashibodi.

Ukikuta kapeti imelowa, bonyeza karatasi nyeupe ya tishu juu yake. Maji ya kiyoyozi huiacha karatasi nyeupe. Ya mvua huacha matope. Ikitoka na rangi, ikateleza kama mafuta kati ya vidole na kunukia utamu, hita inavuja, na utaona pia utando wa mafuta usiofutika vizuri kwenye kioo cha mbele. Nawa mikono, na usiruhusu mtoto au mnyama agusane nayo: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ina ladha tamu na ni sumu hata kwa kiasi kidogo.

Baada ya matengenezo ya upande wa kulanti, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa, injini ikiwa baridi, na ulinganishe kila asubuhi kabla ya kuwasha, ukifungua na kifuniko cha rejeta kama gari lako linacho. Kushuka kidogo siku ya kwanza au ya pili ni hewa ya mwisho inayotoka. Ikiendelea kushuka wiki inapoisha, rudi kwa fundi aipime presha, na ikiwa presha inashikilia, aende moja kwa moja kwenye ile dawa ya buluu.